Kabla Sijajua Kusoma Vizuri, Nilijua Kuuliza

(Hotuba niliyoitoa Ilemela, Mwanza, mbele ya vijana waliomaliza kidato cha nne na wazazi wao, wiki chache baada ya matokeo kutoka. Nimeiandika karibu kama nilivyoisema.)

Mwangaluka! Shikamooni wazazi wangu, shikamooni walimu. Vijana, habari za leo.

Nimealikwa kuzungumza juu ya ujasiriamali, na aliyenialika aliniomba nieleze siri ya mafanikio. Siri sina. Nina biashara ya dagaa, vichanja arobaini na viwili vya kuanikia kule Igombe, wafanyakazi tisa, na kirikuu moja ambayo bado nadaiwa. Ninachotaka kuwaambia ni jambo moja nililolifikiria miaka mingi nikiwa nageuza dagaa juani: kwamba vitu vingi ninavyovitumia kila siku katika biashara nilijifunzia darasani, miaka ile ile ambayo darasa lilikuwa linanishinda. Nataka nieleze kwa utaratibu, maana najua humu ukumbini wamo vijana ambao tangu matokeo yatoke hawajatoka nje kwao mpaka leo, na wengine wamefika hapa kwa kubembelezwa na mama zao. Naanza na hao.

Februari 2013. Kirumba, chumba cha intaneti chenye kompyuta nne, moja mbovu. Tulijipanga mpaka barazani. Kijana mwenye chumba alikuwa anasoma matokeo kwa sauti, namba ya mtahiniwa halafu divisheni, na kila akisoma watu wanapiga kelele. Alipofika kwangu akanyamaza. Akageuza kioo cha kompyuta kidogo kuja upande wangu ili wengine wasione. Mpaka leo namshukuru yule kaka kwa kile kitendo. Nikaona namba yangu, nikaona ziro, na mbele yake F zimejipanga kama nguzo za umeme. Nikalipa hela yake nikashuka kwa miguu mpaka Mwaloni, ambako mama alikuwa anaanika dagaa wa watu kwa malipo ya siku. Akaniangalia. Akasema, "Shika ndoo hiyo, jua linatuacha." Ikawa ndiyo jioni yetu.

Mwaka ule hatukuwa wachache. Walioufanya mtihani wa 2012 wanakumbuka: zaidi ya watahiniwa 240,000 walipata ziro, zaidi ya nusu ya wote. Nchi nzima ilishtuka. Waziri Mkuu akaunda tume, na Mei 2013 Serikali ikayafuta matokeo na kuyapanga upya. Wapo waliopanda. Yangu yalibaki pale pale, ziro. Nayasema haya kwa sababu kijana akifeli hudhani amefeli peke yake duniani. Mimi nilifeli na kundi linaloweza kujaza mji, na bado usiku nililala nikiamini kwamba mjinga ni mimi.

Sasa tatizo langu lilikuwa nini? Nilikuwa sisomi. Nilijua herufi, lakini zilikuwa hazitulii. Nikiona neno "baba", leo nasoma baba, kesho nasoma dada. Mwalimu wa darasa la tatu alinisimamisha mbele nisome sentensi inayosema baba analima, nikasema dada analima, darasa zima likacheka, nikarudia, nikasema dada tena. Mnaona maneno yale mawili yanavyofanana? Tumbo la herufi limegeuka upande tu. Kwa wengi wenu hilo si lolote. Kwangu ulikuwa ukuta.

Hata hivyo Kiswahili kina huruma. Kinaandikwa kinavyotamkwa, kwa hiyo mtu kama mimi akienda polepole, kidole juu ya mstari, anafika. Darasa la saba nilifaulu hivyo, kwa kidole na kwa kukariri. Ndipo nikaingia kidato cha kwanza, ambako karibu kila somo ni kwa Kiingereza, lugha ambayo hata neno la kisu linaanza na herufi isiyotamkwa. Pale kidole hakikunisaidia tena. Watoto wengi wanateleza kwenye hatua ile hata kama herufi zao zimetulia, mnajua wenyewe. Mimi nilianguka chali.

Na hapa ndipo ninapotaka mnisikilize. Mtoto asiyeweza kusoma akikaa darasani miaka minne, anafanya nini muda wote huo? Watu wanadhani amelala. Halali. Anafanya kazi kubwa kuliko wanaosoma. Mimi nilimjua kila mwanafunzi darasani kwetu anajua nini. Nilijua nani anaielewa Baiolojia na anapenda kusifiwa, nani anajua Hesabu lakini hana subira, nani ana daftari zuri ila hapendi kuazimisha. Nilikuwa na rafiki mmoja ambaye nyumba yao ilikuwa juu kabisa ya mawe, Mabatini, na maji walichota chini. Tukapatana: mimi nambebea ndoo mbili kila jioni, yeye ananisomea notisi za siku ile kwa sauti wakati tunapanda. Kwa sauti nilishika. Tukifika juu, mimi namrudishia yote kwa maneno yangu, na yeye anasema mwenyewe kwamba ameelewa zaidi kwa kunisikiliza. Yeye alipata divisheni tuu. Leo ni muuguzi, na tukikutana bado ananiita mchota maji wake.

Nilikuwa na kumi na tano, sijui neno ujasiriamali. Lakini tazameni mapatano yale. Nilijua ninachokosa, nikamtafuta mwenye nacho, nikapeleleza yeye anahitaji nini, nikampa. Hivi ndivyo ninavyoajiri hadi leo. Msichana anayenishikia hesabu anaandika vizuri mara kumi kuliko mimi, na sioni haya kusema hivyo mbele yake. Nimekutana na wafanyabiashara waliosoma sana ambao biashara zao zimedumaa kwa sababu kila kitu wanataka wafanye wenyewe. Kuachia mtu kazi kunawauma. Mimi sikuwahi kuwa na nafasi ya kufanya kila kitu mwenyewe, kwa hiyo kuachia nilikuzoea mapema.

Kingine ni kuuliza. Mwanafunzi anayefaulu anazoea kujua, na aliyezoea kujua anaona aibu akikutwa hajui. Mimi nilikuwa nimekutwa sijui kila siku ya Mungu kwa miaka kumi na moja. Aibu ile, kwa upande huo, iliisha makali. Nilipofika mwaloni nikawa nauliza kama mtoto wa miaka minne.

Acha niwaeleze swali moja. Mnajua zamani dagaa wote tulikuwa tunaanika chini, kwenye mchanga, na mpaka leo wapo wanaoanika hivyo. Siku moja nilipeleka sado mbili, yale makopo ya kupimia, kwa mama lishe wa Buzuruga. Nikamkuta anawaosha. Anamwaga maji kwenye beseni, anakoroga kwa mkono, anamwaga taratibu, na chini ya beseni unabaki mchanga kama wa kujengea. Nikamuuliza, "Mama, unaosha maji mangapi?" Akasema maji manne, na jikoni kwake maji ananunua kwa ndoo. Nikapiga hesabu hapo hapo: huyu mama, juu ya bei ya dagaa, ananunua na maji ya kuondoa mchanga wangu. Siku iliyofuata nikaenda kwa mwingine, Nyakato. Maji matano. Nikauliza mama lishe saba kwa wiki moja. Hakuna aliyeniambia chini ya matatu. Nikawauliza swali la pili: ukiletewa dagaa wasio na mchanga, utaongeza shilingi ngapi kwa sado? Wote saba walitaja kiasi, hakuna aliyesema hataongeza.

Kulikuwa na wafanyabiashara wakubwa pale mwaloni, wenye magari ya kwenda Kongo na Burundi, na wote walijua dagaa wana mchanga. Hawakuuliza, kwa sababu walishajua.

Kisha nikamwendea mzee mmoja wa Ukara aliyekuwa anashona nyavu, nikamuuliza kila kitu. Kwa nini dagaa wa juu wamekauka na wa chini wananuka? Kwa nini ukianika mchana hawapati ule mng'ao? Alicheka sana mzee wa watu, lakini alijibu. Akanionyesha kwamba ukiwamwaga kwa pupa wanashikamana, upepo haupiti, na kwamba wavu mkuukuu uliokazwa juu ya miti unapitisha hewa juu na chini. Kichanja changu cha kwanza kiligharimu shilingi 38,000, miti na misumari, wavu alinipa bure. Jua likiwa kali, siku moja wamekauka, wanang'aa kama sarafu mpya. Kwenye mchanga hata mvua ndogo ya jioni inakuharibia mzigo wote ukauze kwa wenye kuku.

Hesabu je? Mtihani wa Hesabu nilipata F. Lakini nilijua kwamba kopo la rangi tunaloliita sado ni lita nne, debe ni lita ishirini, kwa hiyo sado tano zinajaza debe, na nilijua mchuuzi anayebonyeza kopo pembeni likaingia ndani anakuibia kiasi gani kwa gunia. Nilijua kilo nne za dagaa wabichi zinakuachia kama kilo moja ya wakavu, maji yote yanapaa, kwa hiyo bei ya mkavu ikiwa haijafika mara nne ya mbichi na juu yake kidogo, umefanya kazi ya bure. Hakuna aliyewahi kuniuliza hesabu ile kwenye mtihani. Sisemi mtihani ulikuwa mbaya. Nasema nilikuwa na hesabu kichwani muda wote na sikujua kwamba ile nayo ni hesabu, kwa sababu hakuna aliyeniambia.

Nina daftari langu la kwanza, nimelileta, mtapita mlione. Hamtaweza kulisoma. Duara ni sado, mstari ni debe, duara lenye msalaba ni sado aliyokopa mtu. Wadaiwa niliwachora. Huyu mwenye mwavuli ni mama mmoja wa Igogo aliyekuja siku ya mvua. Huyu mwenye kofia ni bodaboda. Huyu mwenye samaki kichwani ni muuza sato ambaye alikuwa anachukua dagaa kwa ajili ya nyumbani. Karibu miaka mitatu biashara yangu yote ilikaa kwenye michoro hii, na sijawahi kumdai mtu asiyedaiwa, wala kumsahau aliyedaiwa.

Sasa nageuka upande wa pili, na naomba tusiharakishe hapa. Nikiishia kwenye daftari la michoro nitakuwa nimewadanganya, nanyi mtaondoka mkisema dada yule amesema shule haina maana.

Mwaka 2016 nilitaka vichanja kumi kwa mpigo. Nikachukua mkopo kwa watu ambao sitawataja, ile mikopo ambayo mtaani tunaiita kausha damu. Nililetewa karatasi kurasa tatu. Kijana akasema, saini hapa, hapa na hapa, watu wanasubiri. Mimi ambaye niliwauliza mama lishe saba juu ya mchanga, siku ile sikuuliza hata swali moja. Mnajua kwa nini? Kwa sababu ilikuwa karatasi. Mbele ya mtu ninauliza. Mbele ya karatasi nilirudi kuwa mtoto wa darasa la tatu aliyesimamishwa mbele, na nilitaka tu nikae chini kabla watu hawajacheka. Nikasaini.

Kilichoandikwa mle ni kwamba marejesho ni kila wiki, na ukichelewa siku moja kuna faini, na faini nayo inazaa. Sasa nyie watu wa ziwa mnanielewa. Dagaa anavuliwa gizani. Wavuvi wanashusha taa, zamani karabai, siku hizi taa za sola, dagaa wanakusanyika kwenye mwanga. Mbalamwezi ikikomaa taa haina kazi, mitumbwi inapumzika siku nyingi mfululizo. Ziwa halilipi kila wiki. Linalipa kwa mwezi wa angani. Kila mtoto wa mwaloni anajua hivyo, na mimi nilisaini karatasi isiyoujua mwezi. Mbalamwezi ya pili iliponikuta walikuja wakachukua mizani yangu na friji ya mama. Friji ya mama. Aliinunua kwa miaka minne ya kuanika dagaa wa watu.

Kwa hiyo sitawaambia kwamba kuhangaika shuleni ni baraka. Kulinipa kuuliza, kulinipa kuwajua watu, kulinipa kuzoea kukataliwa, na vyote hivyo ni mtaji. Lakini aibu iliyokuja pamoja navyo ndiyo iliyobeba friji. Vyote viwili vilitoka darasa moja. Ukitaka kuutumia mtaji ule, lazima uikabili na ile aibu, usiifunike.

Mimi nilianza na kanuni moja ya nyumbani: karatasi yoyote lazima ilale. Haisainiwi siku iliyoletwa. Jioni mtoto wa dada yangu ananisomea mstari kwa mstari, kwa sauti, kama rafiki yangu wa Mabatini, nami narudisha kwa maneno yangu mpaka nielewe. Mwenye karatasi akisema haiwezi kulala, basi aondoke nayo. Tangu hapo nimekataa mikataba miwili, na mmoja kati ya hiyo ungenimaliza.

Halafu ikatokea kwamba mteja wangu mmoja, mwalimu wa elimu maalumu, aliona daftari langu akaniuliza maswali mengi. Baada ya mazungumzo marefu akaniambia kuna kitu kinaitwa disleksia. Ni ugumu wa kusoma na kuandika ambao mtu anazaliwa nao, hautokani na uvivu wala na akili ndogo, na watu wenye nao wako kila nchi. Nilikuwa na miaka ishirini na nne. Nilikaa juu ya gunia nikalia, yule mwalimu akadhani amenikosea.

Niliporudi nyumbani nikamtuma mtoto anitafutie zaidi. Akaniletea habari za mtafiti mmoja wa London, Julie Logan, ambaye utafiti wake uliotoka mwaka 2009 uliwahoji wajasiriamali wa Marekani, na zaidi ya theluthi moja, asilimia 35, walionekana kuwa na disleksia. Aliona pia kwamba watu hao ni hodari wa kuzungumza na wepesi wa kuwaachia wengine kazi. Nilimwambia mtoto asome tena mstari ule. Akaniletea na habari za Paul Orfalea wa California, aliyerudia madarasa na kufukuzwa shule, ambaye mwaka 1970 alifungua kibanda cha kutoa fotokopi karibu na chuo kikuu, kidogo mpaka mashine ilibidi isukumwe nje barazani. Alikiita Kinko's kwa sababu ya nywele zake za kujiviringa. Kikawa maduka zaidi ya elfu moja, na mwaka 2004 kampuni ya FedEx iliyanunua kwa dola bilioni 2.4. Na Richard Branson wa Uingereza, mwanzilishi wa kampuni za Virgin, yeye aliacha shule akiwa na miaka 16.

Nilifurahi kusikia. Lakini nimeshakuwa mfanyabiashara, na mfanyabiashara akioneshwa gunia anaingiza mkono hadi chini. Wanaohojiwa ni wale waliofika. Waliofeli shule, wakafeli na biashara, hakuna anayewafuata na daftari. Mimi nawajua, wako pale mwaloni, wengine tulikaa dawati moja, na walikuwa na akili kunizidi. Na yule Orfalea, mkopo wake wa kwanza benki ulidhaminiwa na baba yake. Mtu wa kukudhamini: hapo ndipo njia zinapoachana, mara nyingi kuliko kipaji.

Ndiyo maana sasa nawageukia wazazi na walimu.

Niliwaambia kwamba siku ile ya ziro mama alinipa ndoo. Sikuwaambia asubuhi yake. Asubuhi tulifika mwaloni, mwenye mali akafika, na mama akamwambia, "Leo anapima huyu." Akanikabidhi sado. Wale ambao hawajakaa mwaloni wanisikie: mwenye kushika kopo la kupimia ndiye mwenye kuaminiwa. Akizidisha, mwenye mali anapata hasara; akipunguza, mnunuzi harudi. Kazi ile haipewi mtoto aliyefeli. Mama alinipa mbele ya watu wote, siku moja baada ya mimi kutangazwa ziro, na hakusema neno jingine lolote juu ya shule kwa wiki nzima. Mama hakusoma zaidi ya darasa la nne. Sijui alifahamu vipi kwamba kile ndicho nilichohitaji.

Kwa hiyo mzazi, nakuomba. Usimwambie mwanao maneno ambayo huwezi kuyarudisha. Najua umelipa, najua umeuza ng'ombe, na una haki ya kuumia. Umia. Lakini mkabidhi kitu kesho asubuhi, kitu chenye uzito, mbele ya watu. Na kwa binti, tafadhali sana, ziro isigeuzwe kuwa sababu ya kupokea mahari. Nimewaona mabinti wa umri wangu walioozwa mwezi ule ule wa Machi 2013. Na aliyekatiza masomo kwa mimba, tangu Novemba 2021 Serikali imefungua mlango wa kurudi shuleni, basi nyumba isiufunge.

Walimu wangu, mna darasa la watoto themanini, nami sitawafundisha kazi. Naomba jambo dogo tu. Yule anayesoma "dada" badala ya "baba", msimsimamishe mbele. Mwiteni pembeni, mwambieni asimulie kwa mdomo alichoelewa, halafu msikilize. Huenda anajua kuliko daftari lake. Na huu mkondo wa amali, yaani wa masomo ya ufundi, ulioanza mwaka 2024 kwa kidato cha kwanza, mimi naufurahia kweli kweli, ila naogopa usije ukawa pipa la kuwatupia mnaodhani hawafai. Fundi umeme anasoma mchoro. Mshonaji anakata kwa hesabu.

Vijana, ya vitendo nitayapitia haraka kwa sababu mnaweza kwenda kuuliza wenyewe, na kuuliza ndiko nilikowaitia. SIDO, shirika la kuendeleza viwanda vidogo, ipo Nyakato. Shirika lile lipo nchini tangu 1973, na pale mtajifunza usindikaji na ufungashaji kabla hamjatumbukiza hela. VETA, wale wa mafunzo ya ufundi stadi, nao wako Nyakato, na kama tayari una ujuzi ulioupata mtaani, waulize habari za urasimishaji ili upate cheti cha ujuzi huo. Halmashauri hutenga asilimia 10 ya mapato yake ya ndani kwa mikopo isiyo na riba: nne kwa wanawake, nne kwa vijana, mbili kwa watu wenye ulemavu. Jiungeni kikundi cha watu mnaoaminiana, na msome masharti. Karatasi ilale.

Na mtihani unarudiwa. Mimi nilirudi mwaka 2018 kama mtahiniwa wa kujitegemea. Nilikuwa nasoma usiku wa mbalamwezi, wakati hakuna dagaa. Nikapata divisheni foo. Wapo watakaosema foo ni nini. Mimi karatasi ile nimeitia fremu, iko ofisini, juu ya mizani mpya. Na friji nilimnunulia mama nyingine.

Nina kijana mmoja sasa hivi kwenye vichanja, alipata ziro mwaka juzi, hasemi na mtu. Wiki iliyopita ameniuliza, "Dada, kwa nini dagaa wa kichanja cha upande wa ziwa wanawahi kukauka kuliko wa upande wa barabara?" Nilijua jibu. Nikamwambia nenda kapime, uniletee. Amekaa siku tatu na kamba na kitambaa akipima upepo.

Giza linaanza Jumanne. Anayetaka kuja kuona, aje Igombe saa kumi na moja alfajiri, kabla mitumbwi haijafika, avae viatu vya kulowana. Nitampa ndoo, na kuanzia hapo aniulize chochote.

Wabeja sana.